Kasi na Usahihi: Somo la Kompyuta za Ujima kwa Shule za Msingi

Utangulizi

Mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha katika shule za Kurasini, wilayani Temeke, hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano. Akifika Barabara ya Mandela au Barabara ya Kilwa asubuhi ataona malori yamepanga foleni kuelekea bandarini; ataona bohari za mafuta, yadi za makontena, na winchi zikiinua mizigo ya kwenda Zambia, Kongo na Rwanda. Watoto atakaowafundisha wanayajua mambo hayo kuliko yeye. Baba wa mmoja ni dereva, mjomba wa mwingine ni kibarua wa yadi, na mama wa mwingine huwauzia chakula madereva wanaongoja zamu.

Katika makala haya tunakusudia kuonyesha jinsi mifano hiyo iwezavyo kutumika kufundisha jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana kuwa mbali sana na shule ya msingi. Jambo lenyewe ni hili: hutokea nini mtu anapoilazimisha prosesa na kumbukumbu ya kompyuta kwenda mbio kupita kiwango kilichowekwa na mtengenezaji, hasa kompyuta hiyo inaposhiriki kazi ya kujitolea pamoja na maelfu ya kompyuta nyingine?

Huenda mwanachuo akauliza kwamba jambo hili latuhusu nini, ilhali shule nyingi hazina kompyuta za kutosha darasa moja. Latuhusu kwa njia mbili. Kwanza, kazi mojawapo kubwa iliyofanywa na kompyuta za namna hiyo ilikuwa juu ya malaria, na sehemu ya takwimu zake ilitoka katika vijiji vyetu. Pili, ndani yake limo swali ambalo mwalimu wa hesabu hukutana nalo kila siku: je, mwanafunzi anayemaliza kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi?

Kompyuta zifanyazo kazi kwa ujima

Wazee wetu walipokuwa na shamba kubwa la kulima walialikana. Kila mtu alikuja na jembe lake, akapewa sehemu yake, na jioni shamba lote lilikuwa limelimwa. Ukokotoaji wa kujitolea hufuata utaratibu huohuo. Wanasayansi wenye hesabu kubwa mno kwa kompyuta zao huikata hesabu hiyo vipande vidogo. Kompyuta yao ya kugawa kazi, iitwayo seva, hupeleka vipande hivyo kwa njia ya intaneti kwenye kompyuta za watu waliojitolea majumbani, maofisini na vyuoni. Kila kompyuta hukokotoa kipande chake wakati mwenyewe haitumii, kisha hurudisha jibu na kuomba kipande kingine.

Mradi uliofanya njia hii ijulikane sana ni SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka 1999 kuchunguza mawimbi ya redio kutoka angani, na ambao uliacha kugawa kazi mwaka 2020. Chuo hichohicho kilitunga programu ya BOINC, ambayo imetumiwa na miradi mingi ya aina hii.

Kwetu sisi mfano ulio karibu zaidi ni MalariaControl.net. Mradi huo uliendeshwa na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi, ambayo imekuwa na uhusiano na Ifakara tangu miaka ya 1950. Majaribio yalianza mwaka 2005, na mwaka 2006 mradi ulifunguliwa kwa watu wote. Ndani ya kompyuta wanasayansi waliunda jamii ya watu wa kuwazika: watu hao waliumwa na mbu, wakaugua, wakapona au wakafa, wakapata kinga kidogokidogo. Kisha jamii hiyo ilipewa vyandarua, dawa au chanjo, ili kuona tofauti. Miongoni mwa takwimu zilizotumiwa kujenga hesabu hiyo zimo zile za kijiji cha Namawala, katika Bonde la Kilombero, zilizoonyesha jinsi maambukizi ya mbu yanavyopanda na kushuka kwa majira ya mwaka.

Kwa kuwa bahati ina nafasi yake katika kuumwa na mbu, hesabu moja ilibidi irudiwe mara nyingi sana. Katika majaribio ya mwanzo, watu 500 hivi waliojitolea kompyuta zao walifanya, kwa miezi michache tu, kazi ambayo kompyuta moja ingeifanya kwa miaka 150. Mradi huo ulifungwa mwaka 2016.

Mwanachuo aone hapa uzito wa jambo. Jibu lisilo sahihi katika hesabu ya namna hii si alama ya mkasi katika daftari tu. Laweza kumpotosha mtu anayepanga vyandarua vingapi vipelekwe wapi, au chanjo ipewe watoto wa umri gani.

Mapigo ya prosesa

Prosesa ndiyo sehemu ya kompyuta inayofanya hesabu. Hufanya kazi kwa mapigo, kama wavuta kamba wa jahazi wanaovuta pamoja kila mwimbishaji anapoitikiwa. Pigo moja, hatua moja. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo 3,000,000,000 kwa sekunde moja.

Mtengenezaji anapoiuza prosesa huweka kiwango cha mapigo ambacho anakidhamini. Kiwango hicho huacha nafasi kidogo ya usalama, kwa sababu prosesa mbili zilizotoka kiwandani siku moja hazilingani kabisa, na kwa sababu hajui itatumika katika chumba baridi au chumba cha joto. Watu wengine huitumia nafasi hiyo: huingia katika mipangilio ya kompyuta na kuongeza mapigo. Kitendo hicho tutakiita kuharakisha mapigo.

Kwa nini watu wa kazi za kujitolea hupendelea kufanya hivyo? Miradi mingi humpa kila mshiriki alama kwa kazi aliyoirudisha, na hutoa orodha za washiriki na timu zilizoongoza. Penye orodha pana mashindano. Mwenye kompyuta anayetaka kupanda katika orodha, na ambaye hana fedha za kununua kompyuta mpya, huona kwamba njia rahisi ni kuiharakisha ile aliyonayo.

Yafaa ieleweke pia kwamba si kila kompyuta huruhusu jambo hili. Kompyuta nyingi za ofisini na shuleni, pamoja na karibu zote za mkononi, zimefungwa na watengenezaji. Hatumshauri mwalimu ajaribu kuiharakisha kompyuta ya shule. Tunamtaka aelewe kinachotokea, ili aweze kukieleza.

Kumbukumbu na foleni ya malori

Watu wengi hudhani kwamba ukiongeza mapigo kwa asilimia 20, kazi nayo itaongezeka kwa asilimia 20. Hapa ndipo bandari ya Dar es Salaam inapotusaidia.

Fikiri winchi inayopakua makontena. Winchi ni prosesa. Yadi yaliko makontena ni kumbukumbu, ile ambayo mafundi wa kompyuta huiita ramu. Malori yanayokwenda na kurudi kati ya winchi na yadi ni njia ya kupitishia namba. Winchi ikiwa na nguvu kiasi gani, kama lori halijafika, itangoja. Ndivyo ilivyo kwa prosesa. Inapohitaji namba iliyo katika ramu, huenda ikangoja mapigo 200 au zaidi kabla namba hiyo haijafika. Kwa sababu hiyo prosesa imewekewa kumbukumbu ndogo ya ndani, iliyo karibu nayo sana, kama eneo dogo la kuweka mizigo chini ya winchi yenyewe. Namba zinazotumika mara kwa mara huwekwa humo.

Basi hesabu za kujitolea ziko za aina mbili. Ziko zile ambazo namba zake zinatosha katika kumbukumbu ndogo ya ndani. Hizi hufaidika na mapigo ya prosesa, wala kuiharakisha ramu hakuzisaidii sana. Na ziko zile zenye namba nyingi mno, kama hesabu za hali ya hewa, ambazo hugawa nchi nzima katika viraka na kukokotoa upepo, joto na unyevu wa kila kiraka. Mradi wa mvua za Afrika ulioanzishwa mwaka 2019 na Chuo Kikuu cha Delft cha Uholanzi, kwa kutumia kompyuta za kujitolea, ni wa aina hii. Hesabu hizi hungoja ramu muda mrefu.

Tuchukue mfano wa tarakimu. Kazi ya kwanza huchukua saa 10: saa 8 prosesa inakokotoa, na saa 2 inangoja ramu. Tukiongeza mapigo ya prosesa kwa asilimia 20, zile saa 8 zitakuwa 8 ÷ 1.2, yaani saa 6 na dakika 40. Saa 2 za kungoja zinabaki vilevile. Jumla ni saa 8 na dakika 40. Kazi itakayofanyika kwa siku imeongezeka kwa asilimia 15 hivi, si 20.

Kazi ya pili nayo huchukua saa 10, lakini saa 4 tu ni za kukokotoa na saa 6 ni za kungoja. Tukiharakisha prosesa kwa asilimia 20, jumla itakuwa saa 9 na dakika 20. Faida ni asilimia 7. Tukiiacha prosesa na kuiharakisha ramu kwa kiasi hichohicho, saa 6 za kungoja zitakuwa saa 5, na jumla saa 9; faida ni asilimia 11. Mwanachuo atambue kwamba kabla ya kusema kipi kiharakishwe, sharti kwanza ijulikane kazi inachelewa wapi.

Lipo jambo jingine. Prosesa za siku hizi huwa na viini kadhaa, kila kimoja kikifanya hesabu yake. Hizo ni winchi nne au nane zinazotumia barabara moja ya yadi. Winchi zikizidi, foleni huzidi. Mara nyingi kuweka vipande viwili vya ramu badala ya kimoja, katika kompyuta inayokubali, husaidia zaidi kuliko kuharakisha, kwani ni sawa na kuongeza njia ya pili ya malori. Wala kufanya hivyo hakuvunji kiwango chochote cha mtengenezaji.

Joto na umeme

Kila pigo la prosesa hutumia umeme kidogo, na umeme huo hugeuka joto. Mapigo yakiongezeka, joto nalo huongezeka. Lakini prosesa iliyoharakishwa sana huhitaji pia msukumo mkubwa zaidi wa umeme, yaani volti zaidi, na hapa gharama hupanda upesi. Umeme unaotumika huongezeka kwa kadiri ya mapigo, na kwa kadiri ya volti zilizozidishwa kwa zenyewe.

Tuseme mapigo yameongezwa kwa asilimia 10, na volti kwa asilimia 10. Hesabu ni 1.1 × 1.1 × 1.1, ambayo ni 1.331. Prosesa iliyokuwa ikitumia wati 100 sasa inatumia wati 133. Kwa siku nzima ya saa 24, yuniti 2.4 za umeme zimekuwa karibu 3.2. Ikiwa zamani ilimaliza vipande 10 vya kazi kwa siku na sasa inamaliza 11, kila kipande kilichogharimu yuniti 0.24 sasa kinagharimu yuniti 0.29. Mwanafunzi ambaye hutumwa dukani kununua umeme wa LUKU ataielewa hesabu hii mara moja.

Joto la Dar es Salaam halisaidii. Prosesa hupozwa na hewa ya chumbani, na hewa hiyo haiwezi kuipoza chini ya joto la chumba chenyewe. Prosesa iliyo katika chumba cha nyuzi 32, mchana wa Januari au Februari, itakuwa na joto la nyuzi 10 hivi zaidi kuliko ileile katika chumba cha nyuzi 22. Vumbi likiziba feni, hali huwa mbaya zaidi. Prosesa inapokaribia nyuzi 100 hupunguza mapigo yenyewe ili isiungue. Hapo aliyeiharakisha hupata kinyume cha alichokitaka: amelipa umeme zaidi ili kompyuta iende polepole.

Simu nazo hufuata kanuni hiyo. Tangu mwaka 2013 programu ya BOINC imeweza kuwekwa katika simu za Android. Kwa kawaida programu hiyo hukokotoa tu wakati simu imechomekwa katika umeme, na husimama betri inapopata joto kupita kiasi.

Makosa

Sasa tumefika penye kiini cha somo. Namba ndani ya kompyuta huandikwa kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Tano huandikwa 0101. Prosesa au ramu ikiharakishwa mno, pigo lifuatalo hufika kabla tarakimu haijatulia mahali pake, na 0 huweza kusomwa kama 1. Tarakimu ya kwanza ikigeuka, 0101 huwa 1101, na tano imekuwa kumi na tatu. Kompyuta haitoi sauti wala moshi. Huendelea na hesabu kwa kutumia kumi na tatu.

Kompyuta ya kuandikia barua au kutazamia filamu inaweza kufanya kosa la namna hiyo na mwenyewe asitambue. Lakini hesabu za kujitolea huunganisha mamilioni ya hatua, kila hatua ikitegemea iliyotangulia. Mradi wa kutafuta namba tasa kubwa, GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ni mfano mzuri. Kupima namba moja huhitaji hatua za mamilioni, na kosa la hatua moja huharibu kipimo chote. Kwa sababu hiyo programu ya mradi huo imekuwa na sifa ya pekee: watu wanaoharakisha kompyuta huitumia kama jaribio gumu, ili waone kama mashine yao bado inakokotoa sawasawa.

Waendeshaji wa miradi wanalijua tatizo hili, na dawa waliyoitumia tangu zamani ni ya kiualimu. Kipande kilekile cha kazi hupewa kompyuta mbili zisizojuana. Majibu yakikubaliana, hupokewa. Yasipokubaliana, kipande hicho hupewa kompyuta ya tatu ili iamue. Iliyokosea haipati alama.

Turudi kwa kompyuta yetu iliyoongeza kazi kutoka vipande 10 hadi 11 kwa siku. Ikiwa katika hivyo 11 viwili vina makosa, vilivyopokewa ni 9. Imefanya kazi kidogo kuliko zamani, kwa umeme mwingi zaidi. Hata hivyo hasara haiishii kwake. Kwa kila kosa, mshiriki mwingine aliyejibu sawasawa amengojeshwa, na wa tatu amepewa kazi ambayo haikuhitajiwa. Katika ujima, anayelima ovyo huwaongezea kazi wenzake.

Kwa hiyo kasi ya kweli ya kompyuta hupimwa kwa majibu sahihi yaliyopokewa. Kuharakisha kidogo, ndani ya nafasi ya usalama, katika chumba chenye hewa nzuri na baada ya majaribio ya saa nyingi, huweza kuleta faida ya haki. Kuharakisha bila kukagua hakuna faida yoyote.

Namna ya kufundisha

Somo lifuatalo lafaa Darasa la Tano na kuendelea. Lahitaji vipindi viwili vinavyofuatana. Halihitaji kompyuta.

Zana: kadi za hesabu, kila moja ikiwa na nakala mbili, ngoma ndogo au kopo la kupigia, na chati ya namba itakayobandikwa ukuta wa nyuma.

Hatua ya kwanza. Mwalimu aeleze kazi ya ujima, kisha awe seva. Agawe kadi, na nakala mbili za kadi moja apewe mwanafunzi wa upande mmoja na mwingine wa upande wa pili, wasionane. Kadi iwe na hesabu ya mnyororo. Kwa mfano: anza na 6; ongeza 9; zidisha kwa 2; toa 4; gawanya kwa 2; zidisha kwa 3; ongeza 11; zidisha kwa 2; toa 1. Jibu ni 99.

Hatua ya pili. Mwalimu apige ngoma polepole. Kwa kila pigo wanafunzi wafanye hatua moja tu. Mwishoni majibu ya nakala mbili yalinganishwe, na yanayokubaliana yaandikwe ubaoni.

Hatua ya tatu. Kadi mpya zigawiwe, na mapigo yaongezwe. Kisha kadi nyingine, na mapigo ya mbio zaidi. Kila mara ubaoni ziandikwe namba mbili: kadi zilizorudishwa na kadi zilizokubaliana. Wanafunzi wenyewe waseme ni mwendo gani uliofanya kazi nyingi zaidi.

Hatua ya nne. Mwalimu achague kosa moja na kulifuata ubaoni. Katika mfano wetu, aliyeandika 28 badala ya 26 katika hatua ya tatu atapata 14, 42, 53, 106, na mwisho 105. Kosa la 2 limekuwa kosa la 6, ingawa hatua zote zilizofuata alizifanya sawasawa.

Hatua ya tano. Baadhi ya namba zifutwe katika kadi na kuandikwa katika chati ya nyuma. Mjumbe mmoja wa kila kundi awe lori: aende kuisoma namba na kurudi. Mwalimu aongeze mapigo. Wanafunzi wataona wenyewe kwamba ngoma haimfanyi mjumbe afike mapema. Halafu waongezwe wajumbe wawili kwa kila kundi, na tofauti ijadiliwe.

Tuliyoyaona darasani

Tulilifundisha somo hili katika shule mojawapo ya Kurasini, darasa likiwa na wanafunzi wengi kuliko madawati, saa sita mchana. Hatua mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Katika hatua ya tatu tuliona muda unatuishia, nasi tukapiga ngoma mbio kuliko tulivyopanga. Kadi zilirudi kwa wingi, na darasa likashangilia.

Kadi mojawapo ilikuwa na majibu mawili yasiyokubaliana. Nakala moja ilikuwa ya mvulana aliyekuwa akimaliza kwanza tangu mwanzo. Ya pili ilikuwa ya msichana wa dawati la nyuma, ambaye alichelewa na kuleta kadi yake baada ya ngoma kunyamaza. Wenzake walimcheka. Sisi, kwa haraka yetu, tulikaribia kuandika jibu la mvulana ubaoni bila kulikagua. Ndipo mwanafunzi mmoja akatukumbusha kanuni tuliyoifundisha wenyewe: kadi ipewe mtu wa tatu. Ikapewa. Jibu la tatu lilikubaliana na la yule msichana.

Hakusema neno. Aliirudisha peni yake mfukoni na kukaa. Lakini sisi tulitambua kwamba kama si kanuni ile, mtoto yule angeondoka akiamini kwamba amekosa, na darasa lote lingeondoka na jibu baya. Kosa la mvulana pia halikuwa lake peke yake. Alikokotoa vizuri katika mwendo wa kwanza na wa pili. Aliyeyaharakisha mapigo ni sisi.

Hitimisho

Tumeona kwamba kuharakisha prosesa huongeza kazi kwa kiasi kinachotegemea muda ambao kazi hiyo hungoja kumbukumbu. Kwamba kuharakisha kumbukumbu hufaa zaidi hesabu zenye namba nyingi. Kwamba joto na umeme hupanda upesi kuliko faida. Na kwamba kipimo cha mwisho ni majibu yaliyokubaliwa.

Mwanachuo aichukue kanuni ya mtu wa tatu hata katika masomo yasiyohusu kompyuta. Majibu mawili yasipolingana, asimpe haki aliyewahi. Aidha, aangalie mapigo ya ngoma yake mwenyewe. Kila darasa lina mwendo wake ambao ndani yake watoto wengi hupata jibu sahihi, nao hutofautiana baina ya asubuhi na mchana wa joto. Ni wajibu wa mwalimu kuutafuta mwendo huo, na kuujaribu tena na tena, kabla ya kuuongeza.

Kazi kwa wanachuo

1. Kazi moja huchukua saa 12. Saa 9 ni za kukokotoa na saa 3 za kungoja ramu. Prosesa ikiharakishwa kwa asilimia 50, kazi itachukua muda gani?

2. Kompyuta moja hurudisha vipande 20 kwa siku, vyote sahihi. Ikiharakishwa hurudisha 24, lakini kimoja katika kila 6 kina kosa. Eleza kama mwenyewe amepata faida, na kama wenzake wamepata hasara.

3. Andaa andalio la somo la kipindi kimoja kwa kutumia mfano wa mahali unapoishi badala ya bandari: kisima cha kijiji, mashine ya kusaga, au kituo cha mabasi. Onyesha katika mfano wako ni nini prosesa, ni nini kumbukumbu, na foleni iko wapi.